Filimbi na pua: jinsi mbwa wa mawindo anavyofunzwa kupekua ardhi

Mbwa yeyote mwenye afya akifunguliwa katika uwanda wa majani marefu atakimbia kufuata harufu. Hilo hafunzwi na mtu, amezaliwa nalo. Linalofunzwa, na ambalo huchukua mwaka mmoja au miwili ya kazi ya subira, ni kumfanya mbwa huyo aipekue ardhi iliyochaguliwa na bwana wake, kwa mpango, bila kuruka kipande, na bila kwenda mbali kuliko inavyotakiwa.

Katika mashamba na misitu ya Uingereza ufundi huu una historia ndefu, na wenye kuushughulikia hubishana hadi leo juu ya swali moja: mbwa atiishwe kwa kadiri gani? Akiachiwa uhuru kupita kiasi, hamfai mtu. Akibanwa kupita kiasi, huacha kuitumia pua yake na badala yake humtazama bwana wake, akingoja kuambiwa la kufanya. Hapo ardhi huonekana imepekuliwa ilhali haijapekuliwa. Zamani swali hili liliwahusu wawindaji peke yao. Siku hizi limevuka mipaka ya uwindaji, kwa sababu kuna mahali ambapo uhai wa watu hutegemea jibu lake.

Mbwa anayezungumziwa hapa hasa ni spanieli. Huyu ni mbwa wa kimo cha wastani, mwenye masikio marefu yanayoning'inia na manyoya yanayostahimili miiba na maji. Wako wa aina nyingi, lakini wanaotumika zaidi katika kazi hii ni wawili, springa na koka. Springa alipata jina lake kutokana na kazi ya kumfurusha ndege au sungura atoke kichakani. Koka, aliye mdogo zaidi, alipewa jina la ndege mmoja mwenye mdomo mrefu, anayejificha katika misitu yenye unyevu, ambaye alikuwa windo lake la kawaida.

Mwindaji wa Kiingereza huenda kwa miguu akiwa na bunduki ya marisau. Bunduki hiyo haina masafa marefu. Ndege akiwa mbali zaidi ya mita 35 au 40, marisau hutawanyika na mara nyingi humjeruhi badala ya kumwua. Kwa hiyo mbwa anayefurusha ndege mita 60 mbele ya bwana wake amefanya kazi ya bure. Spanieli hutakiwa apekue mbele ya mwongozaji wake akienda kulia na kushoto, mita 15 au 20 hivi kila upande, ili popote atakapomfurusha ndege, ndege huyo awe ndani ya masafa ya bunduki.

Ndege akiruka, mbwa anatakiwa aketi papo hapo. Kuketi huko si adabu ya kupendeza macho tu. Mbwa anayemkimbiza ndege arukaye karibu na ardhi anaweza kupigwa marisau yeye mwenyewe. Tena, katika mbio zake huwatimua ndege wengine ambao hawajafikiwa. Aliyeketi hupata nafasi ya kutazama mahali ndege alipoangukia, na akitumwa huenda moja kwa moja, akamchukua na kumleta mkononi bila kumtafuna.

Masharti ya namna hii si mageni kwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki na wa nchi za Ghuba. Kurani, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inaruhusu kuliwa kwa windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na mafakihi wakaja kueleza mnyama aliyefunzwa ni yupi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbwa huhesabiwa kuwa amefunzwa ikiwa akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, na akikamata humshikia bwana wake windo wala halili; na hayo sharti yarudiwe mpaka idhihirike kuwa ndiyo tabia yake. Ni kweli kwamba katika jamii hizo hizo mate ya mbwa ni najisi, na watu wengi hawamkaribishi mbwa nyumbani. Hata hivyo mbwa wa mawindo ana hukumu yake, na kisiwani Unguja wasasi wamekuwa wakitumia mbwa kuwasaka nguruwe mwitu na wanyama wengine waharibuo mashamba.

Linalostahili kuangaliwa ni kwamba mafakihi hao hawakutafuta mbio za mbwa wala ukali wake. Walichouliza ni kama anatii anapotumwa na anapozuiwa. Mwongozaji wa spanieli anayo masharti hayo hayo, na juu yake huweka jingine: kati ya kutumwa na kuzuiwa, mbwa atafute kwa akili yake mwenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Waingereza wa zamani waliyaita mafunzo haya kwa neno lenye maana ya kumvunja mbwa, na neno hilo lilieleza kweli mambo yalivyokuwa. Mbwa kijana aliachwa mpaka akue, kisha akatiishwa kwa kiboko na kwa kola zenye misumari. Mwaka 1848 afisa wa jeshi, William Nelson Hutchinson, alichapisha kitabu ambacho bado kilibeba neno hilo la kuvunja katika jina lake. Lakini ndani yake alishauri jambo tofauti: mbwa afundishwe kwanza amri na ishara za mkono mahali patulivu, kwa upole na kwa zawadi, kabla ya kutolewa uwandani penye vishawishi. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena.

Mwaka 1865 yalifanyika mashindano ya kwanza ya uwandani ya mbwa wa mawindo, huko Southill katika jimbo la Bedfordshire. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club mjini London, chama kilichokuja kusimamia kanuni za mashindano hayo. Spanieli walipata mashindano yao ya kwanza mwaka 1899. Kanuni zake zinafundisha jambo. Mbwa akimkimbiza ndege, au akitoka nje ya mamlaka ya mwongozaji wake, huondolewa mashindanoni. Lakini huondolewa vile vile akipita mahali penye ndege bila kumgundua, hata kama alikuwa mtiifu kupindukia. Waamuzi hawapokei utiifu usio na matokeo, wala matokeo yasiyo na utiifu.

Ili kufahamu ugumu wa jambo hili, yafaa kuanza na pua ya mbwa na upepo. Pua ya mbwa inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, wakati binadamu ana milioni 5 au 6 hivi. Mbwa anaponusa kwa makini huvuta pumzi fupi fupi, takriban mara tano kwa sekunde, na hewa anayoitoa hupitia katika nyufa za pembeni mwa pua, ili isiifukuze harufu iliyo mbele yake. Lakini pua hiyo haiwezi kunusa kisichofika kwake. Harufu ya ndege aliyejificha husafiri na upepo. Mbwa akipita upande upepo unakotoka, anaweza kumkaribia ndege kwa hatua mbili tu na asijue lolote.

Kwa sababu hiyo, upekuzi mzuri wa ardhi hufanana sana na safari ya jahazi. Nahodha anayetaka kwenda kule upepo unakotoka hawezi kuelekeza omo moja kwa moja. Hupiga bisho, yaani huenda mshazari upande mmoja, akageuza, akaenda mshazari upande wa pili, na kila mara akawa amesogea mbele kidogo. Mbwa anayepekua akiukabili upepo hufanya vivyo hivyo. Kila akivuka kutoka kushoto kwenda kulia, hukata hewa iliyotoka katika ukanda wa ardhi ulio mbele yake, na kila akigeuka husogea hatua chache na kukata ukanda mwingine. Mbwa aliyefunzwa vizuri haachi pengo kati ya njia moja na nyingine, wala harudii njia aliyokwisha kuipita.

Upepo ukitoka nyuma ya mwongozaji, mambo hubadilika. Sasa harufu inakwenda mbele, mbali na mbwa. Akiendelea kupiga bisho kama mwanzo atawakanyaga ndege kabla ya kuwanusa. Mbwa mwenye uzoefu hutoka mbio moja kwa moja kwenda mbele hadi mpaka wa masafa ya bunduki, kisha hugeuka na kurudi akipekua kumwelekea bwana wake, upepo ukiwa usoni mwake. Upepo ukitoka ubavuni, huikata ardhi kwa mshazari.

Hapa ndipo mwongozaji mgeni hukosea. Humwona mbwa akitoka mbio kwenda mbele, hudhani ameasi, hupuliza filimbi na kumrudisha. Mbwa alikuwa akiutii upepo, na mtu amemkataza. Akikatazwa mara nyingi, mbwa hujifunza kwamba kuifuata pua yake ni kosa. Kwa hiyo mafunzo ya mbwa huyu ni mafunzo ya watu wawili, na mwenye mengi ya kujifunza mara nyingi si mbwa. Mtu hujifunza kuushika mchanga au majani makavu na kuyaachia yadondoke ili aujue upepo kabla hajamfungua mbwa.

Je, kazi hii hufundishwa vipi? Waongozaji wengi wenye uzoefu wanakubaliana kwamba hamu hutangulia na amri hufuata. Mtoto wa mbwa anayefika nyumbani akiwa na umri wa wiki nane hivi hufundishwa machache: jina lake, kuitikia mwito, kuketi kabla ya kupewa chakula. Filimbi ya kumwita, yenye milio mifupi mingi, hupulizwa wakati bakuli linapowekwa chini, na baada ya siku chache mlio huo na furaha ya chakula huwa kitu kimoja. Katika miezi hiyo ya mwanzo mbwa huachwa achezecheze katika vichaka vyepesi, anuse, atumie pua. Akitiwa nidhamu kali mapema mno, hamu hiyo hufifia, na hamu iliyofifia ni vigumu kuihuisha.

Mafunzo yenyewe huanza mbwa akiwa na miezi sita, saba au zaidi kidogo, kulingana na tabia yake. Amri ya kwanza kubwa ni kusimama. Mlio mmoja mrefu wa filimbi, pamoja na mkono ulioinuliwa, maana yake ni: keti hapo hapo ulipo. Hufundishwa kwanza mbwa akiwa karibu, kisha akiwa anatembea, kisha akiwa anakimbia, na mwisho akiwa mbali katika harufu nzito. Mbwa asiyesimama kwa mlio huo hapelekwi hatua inayofuata, kwa maana amri nyingine zote huegemea juu yake.

Baada ya hapo hufundishwa kugeuka. Mahali pazuri pa kuanzia ni uwanja wa majani mafupi, upepo ukiwa usoni. Mwongozaji mwenyewe hutembea kwa kupinda, kulia na kushoto, na mbwa huenda mbele yake. Mbwa akifika ukingoni mwa upande mmoja, husikia milio miwili mifupi ya filimbi, na papo hapo mtu hugeuka na kuelekea upande wa pili huku akionyesha kwa mkono. Mbwa, ambaye hapendi kuachwa nyuma, hugeuka pia. Upande huo wa pili kumefichwa mpira mdogo ndani ya majani, naye huukuta kwa pua. Hivyo hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba milio miwili maana yake ni kugeuka, na kwamba kugeuka kuna faida. La pili lina nguvu kuliko la kwanza.

Siku zinavyokwenda, mwongozaji hupunguza kupinda, hata hufikia kutembea katika mstari ulionyooka huku mbwa akienda kulia na kushoto kwa desturi. Filimbi nayo hupunguzwa. Anayepuliza kila mbwa anapofika ukingoni humfanya mbwa aingoje filimbi badala ya kuipima ardhi. Kila somo ni la dakika kumi au kumi na tano tu, kwa sababu mbwa akichoka na kuanza kuhema kwa mdomo, pua yake hupungukiwa na kazi, naye hujifunza kukimbia bila kunusa.

Ikitokea mbwa amepuuza filimbi, mwongozaji mzuri hairudii mara tano. Filimbi inayorudiwa bila matokeo humfundisha mbwa kwamba mlio ule hauna maana. Huenda mwenyewe kwa miguu, kimya, humshika mbwa na kumrudisha mahali pale pale alipopaswa kusimama, humketisha, na kungoja kidogo kabla ya kumruhusu aendelee. Adhabu kubwa kwa mbwa mwenye hamu ni kunyimwa kazi kwa dakika moja.

Hatua za mwisho ni za vishawishi. Wako wanaotumia zizi kubwa lenye sungura hai, mahali mbwa anapojifunza kwamba sungura akikurupuka, kazi yake ni kuketi. Mlio wa bunduki huanzishwa kwa mbali, mbwa akiwa na furaha, ukasogezwa karibu polepole. Baada ya hayo yote ndipo mbwa hupelekwa kwenye windo halisi, mara nyingi mmoja peke yake na mtu mmoja, asije akaiga ubaya wa mbwa wengine.

Mabishano ya zamani juu ya kuvunja na kufundisha hayajakwisha. Teknolojia ilileta kola inayompiga mbwa shoti ya umeme kwa rimoti, na wako waliosema kwamba hiyo ndiyo njia ya mkato ya kumdhibiti mbwa aliye mbali. Mwaka 2010 Wales ilipiga marufuku matumizi ya kola hizo. Hoja ya huruma kwa mnyama inajulikana. Lakini watu wa mawindo wanayo hoja nyingine, itokanayo na kazi yenyewe. Mbwa hahusishi maumivu na kosa ambalo mtu analo akilini. Huyahusisha na kile kilichokuwa mbele yake wakati ule. Akiumizwa wakati amepata harufu ya ndege, anaweza kuhitimu akiamini kwamba ndege ndiye aliyemwuma. Mbwa wa namna hiyo hunusa ndege, akageuza uso, akapita kando kana kwamba hapakuwa na kitu. Wawindaji wanalijua kosa hili tangu enzi za kiboko, nao hulihesabu kuwa baya kuliko kukimbiza, kwa kuwa mbwa anayekimbiza humwonyesha mtu ndege alipo, hata kama ni kwa kuchelewa. Mbwa anayegeuza uso hudanganya.

Iko pia saa ambapo utiifu wenyewe hutakiwa ukae kando. Ndege aliyejeruhiwa bawa huanguka, akasimama, akakimbia kwa miguu ndani ya magugu. Mbwa aliyetumwa hufika pale alipoanguka na kuanza kuifuata harufu ya nyayo zake, pengine kuelekea upande ambao mtu hakuutarajia kabisa. Mwongozaji anayemzuia kwa sababu alimwona ndege akianguka mahali pengine humwacha kiumbe huyo afe polepole kichakani, labda kwa siku nyingi. Mwongozaji mwenye hekima huitia filimbi mfukoni. Amemfunza mbwa wake kwa mwaka mzima, na yote aliyomfunza hayana thamani ikiwa wakati huu hawezi kumwamini.

Si kila Mwingereza anayeupenda mchezo huu. Makumi ya mamilioni ya ndege wafugwao huachiliwa kila mwaka ili wawindwe, na wako wanaotaka desturi hiyo ikomeshwe. Lakini ufundi wa upekuzi una matumizi mengine yasiyo na bunduki. Katika nyika za milimani za Scotland na kaskazini mwa England huishi ndege wa porini wa jamii ya kwale, aitwaye grausi, ambaye msimu wa kumwinda huanza 12 Agosti na kwisha 10 Desemba. Mwezi Julai, kabla msimu haujafunguliwa, watu hupita katika nyika hizo na mbwa wa aina ya pointa na seta kuwahesabu ndege wakubwa na makinda yao. Mbwa hawa hawafurushi. Wakipata harufu husimama tuli wakielekeza pua, mpaka mtu afike. Hupekua eneo pana kuliko spanieli, kwa kuwa hapa hakuna masafa ya bunduki ya kuzingatia. Kwa hesabu hiyo huamuliwa kama kuna ndege wa kutosha kuwindwa, au kama mwaka huo waachwe wazaliane. Mbwa akiruka vipande vya ardhi, au akigeuza uso, hesabu huwa ya uongo, na uamuzi unaofuata huwa wa uongo pia.

Gharama ya upekuzi mbovu huonekana wazi zaidi penye silaha na mabomu. Mwezi Machi 2003, huko Safwan kusini mwa Irak, spanieli springa aitwaye Buster, wa jeshi la Uingereza, aligundua silaha na baruti zilizofichwa nyuma ya ukuta bandia ambazo watu hawakuziona. Mwezi Desemba mwaka huo alitunukiwa nishani ya Dickin, ambayo shirika la Uingereza la PDSA hutoa kwa wanyama wanaoonyesha ushujaa vitani. Mbwa kama huyu hupekua nyumba kwa ufundi ule ule wa kichakani: kulia, kushoto, bila pengo, kwa kuutafuta mkondo wa hewa, na kuganda mara anapopata harufu.

Shirika hilo hilo, mwaka 2020, lilimpa nishani ya dhahabu mnyama wa aina nyingine kabisa: Magawa, panya buku aliyefunzwa Tanzania na shirika la APOPO, kwa kazi ya kutafuta mabomu ya ardhini huko Kambodia. Panya hupekua akiwa amefungwa kwenye kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili. Huenda kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kamba ikasogezwa kidogo, akarudi. Kwa njia hiyo hakuna pengo linalobaki, na yeye hana la kuamua isipokuwa moja tu: harufu ipo au haipo. Ukimtazama panya huyo unaelewa vizuri zaidi kazi ya spanieli, ambaye hana kamba. Kamba yake imo ndani ya kichwa chake, nayo ilisukwa kwa miezi mingi ya milio miwili mifupi.

Tangu mwaka 2014 mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru wamekuwa wakifunzwa karibu na Arusha pamoja na waongozaji wa Kiafrika, katika mpango wa shirika la African Wildlife Foundation, na kupelekwa kwenye viwanja vya ndege na bandari za Afrika Mashariki. Swali la waongozaji hao ni lile lile la mwindaji wa Bedfordshire, lakini limegeuzwa kidogo: mbwa ananusa mzigo, au anausoma uso wa askari aliyeshika kamba yake?

Swali hilo lilipimwa Marekani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa timu 18 za mbwa na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda harufu imefichwa katika vyumba fulani, na kwamba pengine alama ya karatasi nyekundu ingeonyesha mahali ilipo. Kwa kweli hapakufichwa kitu popote. Hata hivyo, mara nyingi waongozaji waliripoti kwamba mbwa wao wamegundua, na zaidi mahali palipokuwa na ile karatasi nyekundu. Karatasi ile haikuwekwa kwa ajili ya mbwa. Mtu aliamini, na imani yake ikageuka kuwa ripoti kwa jina la mbwa.

Ndiyo maana waongozaji hodari hutaka wapimwe katika vyumba na viwanja ambavyo wao wenyewe hawajui kilichomo, na wakati mwingine visivyo na kitu kabisa. Mtu anayo haki ya kuchagua ardhi, kuweka mipaka, kuupima upepo, kumgeuza mbwa na kumsimamisha. Kusema kilichomo katika ardhi hiyo ni kazi ya mbwa peke yake. Mbwa aliyefika mwisho wa uwanja bila kuonyesha lolote ametoa ushahidi kwamba hapana kitu. Baada yake watoto watapita hapo kwenda shule, au abiria watapanda ndege. Ushahidi huo huaminika tu iwapo, katika mwaka mzima wa mafunzo, mbwa huyo hakuadhibiwa hata siku moja kwa kuifuata pua yake.